Santuri za marehemu baba: sauti imekuwa nzito, mafundi wanasema zimechoka

BintiWaReli (Morogoro)

Shikamoni wakubwa, na wa rika langu habari za leo. Naomba msaada, na mnisamehe nikieleza kwa kirefu, maana majibu mafupi nimeshapewa mengi na hayajanisaidia.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli hapa Morogoro. Katika vitu alivyotuachia kuna sanduku la bati lenye santuri 61. Nyingi ni zile ndogo za 45: Morogoro Jazz, Super Volcano, Cuban Marimba, Western Jazz, NUTA, na za Wakongo. LP, zile kubwa, ni tisa. Halafu zipo tatu nene, nyeusi tii, za taarabu, zilizokuwa za bibi mzaa baba. Hizo tatu watoto hatukuruhusiwa hata kuzigusa.

Mashine yake ya santuri baba aliiuza mwaka ambao ada zetu zilimshinda. Santuri hakuziuza. Akazifunga kwenye sanduku, akalisukuma uvunguni, na hapo zikakaa mpaka mwaka jana, kaka yangu aliye Marekani aliponitumia mashine kwenye kontena la watu wa huko. Ni Thorens TD 160, imetumika lakini safi. Inataka volti 120, kwa hiyo alituma na transfoma ya kushushia umeme. Nimeiunganisha na amplifaya niliyonunua hapa mjini na spika mbili za mbao.

Sasa shida yenyewe. Sauti ya Mbaraka Mwinshehe ninayoijua mimi iko wazi, inapita juu ya magitaa bila kuyasukuma. Anayetoka kwenye mashine hii ni mzee aliyeamshwa usingizini. Gitaa la solo linajikokota. Nilidhani ni santuri moja, nikajaribu nyingine, zote ni vilevile. LP nikiipeleka kwenye 45 anageuka mtoto. Wimbo uleule nikiusikia redioni, uko mahali pake.

Na msiniambie nimesahau. Nyumbani nilikuwa na kazi moja tu ambayo ndugu zangu hawakuruhusiwa kunipokonya: kugeuza. Mnakumbuka zile 45 wimbo ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Baba alikuwa anakaa na kikombe chake, upande ukiisha anasema, "Geuza!" Basi nainua mkono wa sindano kwa kidole kimoja, napindua, nashusha. Nyimbo hizi nazijua mpaka pale zinapokatiwa.

Fundi wa kwanza aliniambia santuri zimechoka, uzee umeshusha sauti. Wa pili akasema transfoma ni ndogo, akaniuzia kubwa. Nimetoka wati 300 mpaka 1000, hakuna kilichobadilika. Huyohuyo akaweka sarafu ya shilingi 50 juu ya kichwa cha sindano ili isiruke. Kweli hairuki tena.

Jambo la pili, sauti yenyewe ni ndogo. Lazima nifungue amplifaya mpaka mwisho, na besi sisikii kabisa. Sauti nzito halafu haina besi! Inawezekanaje?

Je, santuri inaweza kuchoka kiasi hicho? Nikubali tu nizirudishe uvunguni?

FundiMstaafu (Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Toa hiyo sarafu. Inuka uitoe sasa hivi, kisha urudi kusoma.

Umeitoa? Vizuri. Sindano ya katriji nyingi za aina hiyo (katriji ni kile kipande kinachoishika sindano) inabeba gramu moja na nusu mpaka mbili. Sarafu ni gramu kadhaa juu ya hizo, na zote zimekaa kwenye ncha nyembamba kuliko unywele. Kila ulipopiga wimbo hapo ulikuwa unaulima.

Santuri haichoki namna uliyoambiwa. Ikilika inakwaruza, inapoteza zile sauti nyembamba za juu, matoazi yanakuwa kama mchanga. Mwimbaji hashuki. Mwimbaji anashuka au kupanda kwa sababu moja tu, nayo ni mwendo wa sahani inayozunguka.

Hebu tupime, usichukue neno langu. Kata kipande cha karatasi nyeupe, kibandike ukingoni mwa sahani. Weka LP, shusha sindano iwe inacheza, kisha shika saa ya simu uhesabu karatasi inapita mara ngapi kwa dakika tatu. Nakwambia tatu kwa sababu mwendo wa LP ni mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika, na theluthi haihesabiki. Lakini kwa dakika tatu inakuwa 100 kamili. Ukimaliza hapo fanya hivyohivyo kwenye 45. Hapo inatakiwa 135.

Kisha zima, chomoa, na unisomee kile kibati cha mashine kimeandikwa nini. Neno kwa neno.

MpigaSolo_AR (Arusha)

Dada, wakati unasubiri, mimi ni mpiga gitaa na nina sikio la kuongezea hapo. Chukua huo wimbo wa redioni uuweke kwenye simu, kisha upige na santuri. Kama una kinanda cha mtoto hapo nyumbani, tafuta noti ya kwanza ya besi kwenye redio, halafu tafuta ya kwenye santuri. Hesabu vibonye vilivyo katikati, vyeusi na vyeupe.

Usishangae noti isipoangukia kwenye kibonye sawasawa. Bendi za wakati ule zilikuwa zinaoanisha magitaa kwa sikio, na mara nyingi kwa saksafoni iliyokuwepo siku hiyo. Tofauti kati ya vipimo vyako viwili ndiyo ninayoitaka.

BintiWaReli

Sarafu nimeitoa. Sindano imeruka mara mbili kwenye santuri moja, kwingine imetulia.

Nimehesabu na mwanangu, yeye ameshika saa, mimi macho kwenye karatasi. Mara ya kwanza 83. Nikasema nimekosea. Mara ya pili 83 na kama theluthi. Mara ya tatu mwanangu alihesabu mwenyewe, akapata 83. Kwenye 45 tumepata 112 na nusu.

Kibati kimeandikwa 120 V, 60 Hz.

Kinanda sina, lakini kwaya ya kanisani kwetu inacho, nikaenda na noti kichwani, yaani nikiziimba njia nzima. Mwalimu wa kwaya amehesabu vibonye vitatu kwenda chini.

FundiMstaafu

Basi tumemaliza. Chukua 50, gawa kwa 60. Unapata 0.83. Mashine yako inazunguka 83 mahali pa 100. Haina ubovu wowote. Iko kwenye nchi isiyo yake.

Sikiliza kwa makini hapa, maana ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Umeme wa ukutani haujitambulishi kwa volti peke yake. Una volti, na una hezi. Mfikirie mpiga ngoma: volti ni nguvu anayopigia, hezi ni mapigo mangapi kwa sekunde. Marekani wanapiga mapigo 60, volti 120. Sisi Tanzania, Kenya, Uganda, tunapiga 50, kwa volti 230 hivi. Transfoma ya kushusha inamwambia mpiga ngoma apige kwa upole. Haimwambii aongeze kasi, na haiwezi. Ungenunua ya wati 10,000, mapigo yangebaki 50.

Kwa pasi au taa hilo si kitu. Lakini mota ya TD 160 ni ya aina inayofuata mapigo ya umeme kama askari anavyofuata bendi. Kwa hezi 60 inazunguka mara 450 kwa dakika, kwa hezi 50 mara 375. Ndiyo maana kiwandani, kule Lahr, Ujerumani, walikuwa wanafunga puli, yaani kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda wa sahani, ndogo kwa mashine zinazokwenda Marekani na kubwa kwa zinazobaki Ulaya. Wewe una puli ya Marekani kwenye umeme wa Morogoro.

Na vibonye vitatu vya mwalimu wa kwaya ni sahihi kabisa. Mwendo ukishuka toka 60 mpaka 50, sauti inashuka nusu-toni tatu na kidogo. Mpe salamu zangu.

Dawa ni puli ya hezi 50. Zinapatikana kwa wauza vipuri wa Ulaya. Wako wanaokereza hapa nyumbani, lakini nakuonya: ile puli ni ndogo, kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita linakaribia asilimia moja ya mwendo, na tundu lisipokuwa katikati sawasawa sauti itayumba kila puli inapozunguka. Pia ina kitumbo kidogo katikati ambacho ndicho kinachoushika mkanda usipande wala kushuka. Fundi akiikereza nyoofu kama bomba, mkanda utatoroka.

Sasa kuhusu besi. Nyuma ya amplifaya yako, tundu ulilochomeka limeandikwa nini?

BintiWaReli

AUX. Mengine yapo CD na TAPE. PHONO halipo.

Nimesoma jibu lako nimesimama. Mwaka mzima naambiwa santuri za baba zimekufa.

FundiMstaafu

Hazijafa. Kaa sasa, maana hili la besi ni refu kidogo na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Mtu anayechonga santuri ana tatizo. Sauti ya besi inataka mfereji uyumbe kwa upana. Akiichonga jinsi ilivyo, mfereji mmoja utaparamia mwenzake, na upande wa 45 utabeba dakika moja badala ya nne. Kwa upande mwingine, sauti za juu, za matoazi na herufi kama "s", zinachongwa ndogo mno hata mkwaruzo wa santuri unazimeza. Kwa hiyo anafanya ujanja: anaipunguza besi makusudi, na sauti za juu anazikuza makusudi. Sauti ya chini kabisa, ya hezi 20, inapunguzwa kwa karibu desibeli 20, na ya juu kabisa, ya hezi 20,000, inakuzwa kwa karibu kiasi hichohicho. Mpangilio huo unaitwa RIAA, na viwanda viliupokea katikati ya miaka ya 1950.

Tundu la PHONO ndani yake lina sakiti inayoyarudisha yote mahali pake: inaijaza besi, inazishusha sauti za juu, na mkwaruzo unashuka pamoja nazo. Pia inakuza sauti yote takribani mara 100, kwa sababu katriji inatoa milivolti tano hivi, wakati AUX inangoja mamia. Wewe umeichomeka AUX. Unasikiliza santuri kama ilivyochongwa, bila kufunguliwa. Ndiyo maana sauti ni ndogo, kali, haina tumbo.

Usinunue amplifaya nyingine. Nunua kisanduku cha pri-ampu ya fono, kikae kati ya mashine na AUX. Kuna vya bei ndogo vinavyofanya kazi ya heshima. Na ule waya mwembamba unaoning'inia nyuma ya mashine, wenye uma mwishoni, ndio wa ethi. Ufunge kwenye skrubu ya hicho kisanduku. Usipofungwa utasikia mvumo.

KasukuWaNgara (Nairobi)

Dadangu, pole kwa mzunguko huo wote. Lakini mbona uhangaike na puli? Mimi nina santuri zaidi ya mia nne, na nyingi za hizo bendi zenu zilichapwa huku kwetu Nairobi. Nimezitia zote kwenye kompyuta. Rekodi hivyohivyo zikiwa polepole, kisha fungua programu ya bure ya Audacity, ongeza mwendo kwa asilimia 20, sauti inarudi pahali pake. Kazi ya dakika moja. Unaweka kwenye simu, unasikiliza hata kwenye matatu. Na santuri zenyewe hazitalika tena.

FundiMstaafu

Ndugu yangu wa Nairobi, njia hiyo ipo, na kwa santuri inayokaribia kuvunjika ningemshauri aifuate. Lakini kuna kitu kinapotea. Pri-ampu inasahihisha besi na sauti za juu kwa hezi zake halisi. Santuri ikizunguka polepole, kila sauti inafika kwenye sakiti ikiwa imeshuka, kwa hiyo inasahihishwa kwa kipimo kisicho chake. Ukiongeza mwendo baadaye, noti zinarudi, ila uwiano wa besi na sauti za juu unabaki umepinda kidogo. Mwenye sikio anaweza kuusikia kwenye matoazi.

BintiWaReli

Kaka wa Nairobi, nakushukuru, na nitazirekodi zote ili ndugu zangu wapate. Lakini nikwambie kweli, sikuomba kaka anitumie mashine ili nisikilize kwenye simu. Nataka upande uishe. Nataka ile sauti ya sindano inayokwenda katikati, tk, tk, tk, na mtu ainuke. Mama yangu yu hai, ana miaka 79, na kwenye simu hasikii vizuri.

BarazaLaMalindi (Unguja)

Assalaam alaykum jamaa. Bibie, mie nimesoma maneno yako yote lakini macho yangu yamebaki kwenye zile tatu nyeusi za bibi yako. Hebu niambie: ukiigonga ukingoni kwa ukucha, inalia kama sahani ya udongo, au inalia kama plastiki? Na uzito wake je? Na kwenye karatasi ya katikati pameandikwa 78?

Ikiwa inalia kama sahani, basi hiyo ni santuri ya lakki, wala si ya plastiki. Lakki ni utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, wanauchanganya na vumbi la mawe. Ndizo alizorikodiwa Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928, na zilizokuja baada yake mpaka mwanzo wa miaka ya 60. Hazikunjiki kwa mkono. Zikianguka zinapasuka kama kigae, basi.

Mambo mawili usiyafanye. La kwanza, usizipige kwa mashine yako hiyo. Mwendo wa 78 haina, lakini hata ingekuwa nao, sindano yake ni nyembamba mno. Mfereji wa 78 ni mpana. Ncha ya sindano yake ina nusu-kipenyo cha takriban mikroni 76, na ya LP ni kama 18. Sindano ndogo itakwenda kusugua chini kabisa kwenye vumbi la miaka 80, utasikia mvua inyesha na ndani yake mtu anaimba kwa mbali. Utaichukia, na haina kosa.

La pili, na hili ndilo kubwa: usizisafishe kwa spiriti. Spiriti inayeyusha lakki. Nimeona kwa macho yangu santuri ya udi na kanuni, nzima, haina hata mkwaruzo, mtu kaipangusa kwa pamba ya spiriti ili ing'are kwa wageni. Weusi ulitoka kwenye pamba. Muziki wote ulikuwa kwenye ile pamba.

Maji safi, tone moja la sabuni ya vyombo, brashi laini, unafuata mfereji kwa mviringo, usikatishe. Karatasi ya katikati usiilowanishe. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, yale ya chupa wanayoongezea kwenye betri za gari, lakini soma chupa vizuri mwanangu, yawe maji matupu, isiwe asidi. Kisha zisimamishe zikauke kivulini. Na kuzihifadhi, zisimame kama vitabu, zisilaliane.

Za 45 na LP ni plastiki, hizo unaweza kutia spiriti kidogo kwenye maji. Za lakki, hapana.

BintiWaReli

Waalaykum salaam mzee wangu. Nimegonga. Zinalia kama sahani. Na namba 78 ipo, imefifia.

Nilikuwa na chupa ya spiriti mezani jana. Nilishaanza na za 45, hizi nilikuwa nimeziweka za mwisho kwa kuziogopa.

SolaMwanza

Kwa faida ya wengine wenye mashine za Marekani, au walizotoka nazo Saudia, maana huko nako ni hezi 60: mimi natumia inverta ya sola inayoweza kuwekwa 50 au 60. Nimeiweka 60 kwa ajili ya mashine ya santuri peke yake. Iwe ya wimbi laini, zile za wimbi la ngazi zinaitia mota mngurumo. Mota yenyewe inakula umeme mdogo kuliko balbu, kwa hiyo betri moja inanitosha usiku mzima.

BintiWaReli

Nimerudi, wiki tano baadaye.

Pri-ampu nilipata Dar, imekuja na basi. Nilipoichomeka tu, kabla ya puli, besi ilikuja. Sikuwa najua kwamba kwenye zile santuri kuna besi ya namna ile, inayotembea kwa miguu yake wakati magitaa yanaongea. Ilikuwa bado polepole, lakini nilikaa chini.

Puli: sikuagiza nje. Hapa Morogoro kuna mzee anakereza vipuri vya mashine za kusaga. Nilimwonyesha maneno ya Fundi kuhusu kosa la sehemu ya kumi ya milimita, akayasoma mara mbili, akatoa miwani nyingine. Alisema haigusi puli ya zamani. Atakereza pete ya shaba ya njano ivae juu yake, ili siku mashine ikirudi Marekani niitoe. Akapima ya zamani kwa venia, akazidisha kwa 1.2, akaandika ubaoni kwa chaki.

Pete ya kwanza ilinipa 101 na nusu, na kwenye noti ndefu mwimbaji alikuwa anatetemeka kidogo kama yuko kwenye mtumbwi. Nikamrudishia. Hakubisha. Aliiweka kwenye kipimo cha mshale, akanionyesha mshale unavyocheza, akasema tundu limekwenda pembeni kidogo. Ya pili aliikereza mbele yangu. Mwishoni alikuwa anachukua vumbi tu, hata si chuma, huku anapima kila mara. Akaweka na kile kitumbo, kwa msasa laini, kwa kidole.

Mizunguko 100 kwa dakika tatu. Kwenye 45, 135. Mwanangu alihesabu mara nne kwa sababu alitaka mwenyewe.

Sindano nimenunua mpya, na uzito nimeupima kwa mizani ya sonara, gramu 1.8. Baraza la Malindi, za lakki tatu nimeziosha ulivyosema na nimezisimamisha kabatini. Kwenye moja kuna jina la bibi limeandikwa kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu. Ukipata mtu Unguja mwenye mashine ya 78 na sindano yake, nitakuja nazo mwenyewe kwa boti, nimezipakata.

Jumapili nilimwita mama. Sikumwambia chochote. Nikaweka 45 ya Morogoro Jazz, ya kabla Mbaraka hajaondoka kuanzisha Super Volcano, nikashusha sindano, nikaenda kukaa mbali. Mama alikuwa anachambua mchicha. Gitaa likaingia, yeye akaendelea kuchambua. Sauti ilipoingia akaacha mikono ndani ya ungo. Akasema, "Huyu ndiye." Akasikiliza mpaka sindano ikafika katikati, tk, tk, tk. Mimi nilikuwa bado nimekaa. Akanigeukia, akasema, "Mbona hugeuzi?"

Swali langu la mwisho: spika ya kushoto inavuma kidogo nikiongeza sauti. Ya kulia iko kimya. Waya wa ethi umefungwa, nimekaza.

FundiMstaafu

Mwanangu, mpe huyo mzee wa kukereza heshima zangu. Kazi ya kipimo cha mshale wengi wameshaisahau.

Mvumo ukiwa upande mmoja, ethi kuu haihusiki. Zima kila kitu. Fungua kile kichwa kinachobeba katriji, utaona waya nne nyembamba nyuma yake. Mweupe na wa bluu ni za kushoto, mwekundu na wa kijani ni za kulia. Angalia wa bluu, nadhani umelegea, au pini imeota kutu kwa kukaa kwenye kontena. Toa waya kwa kibano, ushike kwenye kile kishikizo cha chuma, usivute uzi wenyewe. Sugua pini kwa kifutio cha penseli mpaka ing'ae, rudisha.

Na 45 zako za miaka ya 60 na 70 nyingi ni mono, yaani sauti ileile kwa spika zote mbili. Amplifaya yako ikiwa na swichi ya MONO, ibonye unapozipiga. Muziki kwenye mono unamsukuma sindano kushoto na kulia tu. Kila kinachomrusha juu na chini ni vumbi na makovu. Swichi ile inayafuta yale ya juu na chini. Jaribu kwa hiyo ya Jumapili, utasikia mkwaruzo unavyopungua na mwimbaji anavyosogea katikati.

BintiWaReli

Alikuwa wa bluu. Kimya sasa pande zote mbili. Swichi ya MONO ipo, nimeibonya, na mama anaita.